Wacheni Kutuambia "Weka Opto Yoyote"

Kuna sentensi moja nimechoka nayo. Iko kwa video, iko kwa komenti, iko kwa magrupu ya WhatsApp ya projekti za chuo, na ukishuka Luthuli Avenue utaisikia kaunta baada ya kaunta: "Buda, weka tu opto hapo, yoyote itafanya, uko safe." Leo naipinga hiyo sentensi neno kwa neno, kwa sababu karibu kila neno ndani yake ni uongo, na huu si ule uongo wa kukuharibia wikendi tu. Upande wa pili wa hiyo opto kuna volti 240. Upande huu kuna mkono wako.

Kwa wale wamefika sasa hivi: optoisoleta, ama opto kwa kifupi, ni kidude kidogo chenye miguu minne au sita. Ndani kuna LED ndogo, na mbele yake kuna kitu kinachoona mwanga. Kati yao hakuna waya. Arduino ama ESP32 yako inawasha ile LED, mwanga unavuka, upande wa pili unafunguka. Umeme hauvuki, habari ndiyo inavuka. Hiyo ni akili kubwa na mimi naiheshimu. Shida ni vile tumeigeuza hirizi. Mtu anaivalisha saketi yake opto, halafu anaacha kufikiri.

Tuanze na hilo neno "weka". Ati weka opto iwashe mzigo. Opto haiwashi mzigo wako, wasee. Opto ni mjumbe, mbeba mzigo ni mwingine. Chukua PC817, ile iko kwa kila duka na ndani ya karibu kila chaja umewahi kufungua. Datashiti yake inasema transista ya ndani isipitishe zaidi ya miliampea 50. Na hicho ni kikomo, mahali pa kufia, si mahali pa kuishi. Sasa ile kufuli ya solenoidi ya volti 12 ambayo kila mtu anajengea projekti ya mlango wa kufunguliwa na simu, hiyo inavuta mamia ya miliampea. Mtu anaiunganisha moja kwa moja kwa PC817, kufuli haitingishiki, anaenda kuuliza kwa komenti. Anajibiwa nini? "Punguza resista ya LED." Anapunguza. Bado. Anapunguza tena. Mwishowe pini ya ESP32 ndiyo inachoka, na anaambiwa alinunua ESP32 feki.

Kuna hesabu nyingine hapo watu wanairuka. Mwanga ukivuka, upande wa pili haupati mkondo uleule ulioingia, unapata asilimia fulani yake. PC817 isiyo na herufi ya daraja inaahidi kati ya asilimia 50 na 600, ikipewa miliampea 5. Angalia huo upana! Moja inakupa miliampea 2.5, dada yake kutoka trei hiyo hiyo anaweza kukupa 30. Ndiyo maana rafiki yako anaapa "yangu inafanya" na yako imekataa, na nyote wawili mnasema ukweli. Daraja A ni asilimia 80 hadi 160, daraja C ni 200 hadi 400, na herufi huandikwa hapo juu ya mgongo wake. Isitoshe, ile LED ya ndani inazeeka, mwanga unafifia mwaka baada ya mwaka. Kwa hivyo piga hesabu na asilimia ya chini kabisa, halafu ugawe kwa mbili. Ikifanya kazi hapo, itafanya kazi hata ukiwa umesahau ulijenga lini.

Kinachofaa kwa ile kufuli ni PC817 ipeleke habari kwa geti ya mosfeti, na mosfeti ibebe mzigo. Na hapa opto inakupa zawadi ambayo wengi hawaioni. IRFZ44N inataka karibu volti 10 kwa geti ndiyo ifunguke sawasawa, na pini ya ESP32 ina 3.3 peke yake. Lakini transista ya opto inaweza kuchukua zile volti 12 za kufuli yenyewe na kuzipeleka kwa geti. Weka resista ya kilo-omu 10 kutoka geti hadi sosi ili mosfeti izime ukiacha kuiita, weka daiodi ya 1N4007 kinyume juu ya koili, umemaliza. Kwa wale wa sola ya volti 24: hiyo geti haivumilii zaidi ya 20, kwa hivyo zena ya volti 12 na resista yake si mapambo.

Halafu kuna swali ambalo sijawahi kuona likiulizwa kwa hizi video: kwani unahitaji opto kabisa? Kama ESP32 yako inapata volti 5 kutoka kwa betri hiyo hiyo ya kufuli, kupitia kile kibodi cha kushusha volti, basi graundi zenu ni moja. Waya mmoja wa shaba unaunganisha pande zote mbili, na wewe umeketi hapo ukijisifia eti umezitenganisha na mwanga. Hiyo ni kuweka geti la chuma kwa ploti haina ua. Nunua mosfeti inayoelewa volti ndogo, kama IRLZ44N, iunganishe moja kwa moja na resista zake, uende ulale. Mimi nikiona opto kwa saketi ya graundi moja najua mwenye saketi alinakili.

Sasa tuingie kwa stima ya ukuta. Huko ujinga haurudishwi dukani.

Kwa mzigo wa stima ya ukuta, mbeba mzigo mara nyingi ni triaki, na mjumbe anatoka kwa familia ya MOC. Hii familia imepewa majina kwa mpangilio, na mtu akikuambia "MOC yoyote" jua hajawahi kuyasoma. MOC3010, 3011 na 3012, pamoja na 3031 hadi 3033, zinavumilia volti 250. Zile za 3020 hadi 3023 na 3041 hadi 3043 zinavumilia 400. 3051, 3052 na zile za 3061 hadi 3063 ni 600. 3081 hadi 3083 ni 800. Unaona? Si mchele, hauwezi kuchota tu.

Stima yetu Kenya ni volti 240. Lakini hiyo 240 si kilele. Wimbi linapanda hadi karibu volti 340 na kushuka, mara 50 kwa sekunde, kisha linapinduka na kufanya vivyo hivyo upande wa pili. Sasa weka MOC3011 ya volti 250 hapo uone.

Na kwa nini mtu aweke MOC3011? Kwa sababu saketi aliyonakili ni ya Marekani. Huko stima ni volti 120, kilele ni kama 170, kwa hivyo 250 inawatosha na inabaki. Hata resista inakusaliti. Kwa saketi nyingi za huko utaona resista ya omu 180 kati ya opto na triaki. Gawanya 170 kwa 180, unapata kitu chini ya ampea 1, na ampea 1 ndiyo kikomo cha pigo ambalo opto inavumilia. Wamepiga hesabu vizuri, kwao. Leta resista hiyo hiyo Umoja ama Kisauni, ugawe 340 kwa 180. Karibu ampea 1.9. Umeipiga opto pigo mara mbili ya kile inavumilia, halafu ikifa unasema vitu vya Luthuli ni feki. Kwetu anza na omu 360. Hii si siri ya maprofesa, ni kugawanya, tulifanya darasa la sita.

Kuhusu zile za volti 400: ndiyo, watengenezaji wenyewe wanasema zinaweza kukaa kwa 240, na ziko kwa vitu vingi vinavyofanya kazi. Mimi bado sizipendi. Kutoka 340 hadi 400 umebakiwa na volti 60 za kupumua, na sijui wewe unaishi wapi, lakini mtaani kwetu stima ikipotea na kurudi hairudi kwa upole. Chukua ya 600. Tofauti ya bei haifiki fare ya mat kutoka Rongai hadi tao.

Tukigeuka upande wa LED, nambari ya mwisho ya jina ndiyo watu wengi wanaidharau na ndiyo itakusumbua zaidi. MOC3021 na MOC3023 zinafanana sura, miguu, hadi rangi. Lakini 3021 inahitaji hadi miliampea 15 kwa LED ndiyo uwe na uhakika imewaka. 3022 inahitaji 10. 3023 inahitaji 5. Ni hivyo hivyo kwa 3061, 3062 na 3063. Sasa kumbuka pini ya ESP8266, ile ya NodeMCU ambayo kila mtu huanzia, kikomo chake ni miliampea 12. Umeona tatizo? Ukinunua MOC3021 au MOC3061, opto inadai 15 na pini yako haina. Na ukimfuata yule wa video aliyeweka resista ya omu 1,000 "ili kuwa salama", unatoa kama miliampea 2. Hapo kuna siku itawaka na kuna siku itagoma, na asubuhi ya baridi itagoma zaidi kwa sababu baridi inafanya hizi opto kudai mkondo mwingi kuliko kawaida.

Nani anaumia? Wacha nikupeleke kwa projekti ambayo vijana wengi wanaijenga ili wapate kitu mfukoni: inkubeta ya vifaranga. Mayai ya kuku yanataka karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21. Hita inayowaka "siku zingine" si kosa dogo la kurekebishwa Jumamosi. Ni trei nzima ya mayai ya mama yako imeoza siku ya 18. Na ile 3063 yenye resista ya omu 330 kutoka pini ya volti 3.3 ingekupa kama miliampea 6, juu ya zile 5 inazotaka, chini ya 12 za pini. Nambari moja ya mwisho. Mwenye duka angekupa ukimwomba kwa jina kamili.

Inkubeta pia inajibu ule ubishi mwingine, wa opto inayosubiri sifuri. MOC za 3041, 3061 na 3081 zina akili ya kungoja wimbi lifike karibu na sifuri ndiyo ziwashe, ili mzigo usipigwe na volti nyingi ghafla na redio ya jirani isipige kelele. Kwa hita na balbu za waya hiyo ni tamu sana. Kwa hivyo kuna mtu ametangaza kwamba hizo ndizo "za kisasa" na zingine ni za zamani. Wongo. Ukitaka kupunguza mwendo wa feni ama mwanga wa taa, lazima uwashe triaki katikati ya wimbi, na opto inayongoja sifuri itakataa katakata. Utabonyeza slaida kwa simu na feni itafanya mambo mawili tu, kuzima na kukimbia. Hapo unataka zile zisizongoja: 3021, 3023, 3052. Si swali la zamani na kisasa. Mzigo ndio unaamua.

Na mzigo ukiwa pampu ya maji, maoni yangu ni haya na najua yatanipotezea wafuasi: achana na triaki. Mota inaanza kwa kuvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na mkondo wake hauendi sambamba na volti, kitu ambacho kinaichanganya triaki wakati wa kuzima. Ndiyo, kuna dawa, resista na kapasita zinazofungwa pamoja juu ya triaki, kitu tunaita snaba. Lakini pampu ya kujaza tangi inawashwa mara mbili kwa siku. Rilei ndogo ikiita kontakta inatosha na inabaki. Snaba yenyewe ina tabia zake pia. Kapasita ya nanofaradi 100 kwa stima yetu inapitisha miliampea 7 na ushee hata triaki ikiwa imezima. Ndiyo hiyo balbu yako ya LED inayowaka kidogo usiku kama jicho la paka, na mama anasema nyumba ina mashetani. Weka ya nanofaradi 10, na iwe ile ya alama ya X2 iliyotengenezwa kukaa kwa stima ya ukuta.

Wale wa kucheza na mwendo wa mota za DC kwa PWM nitawaambia moja tu: PC817 ni mzee wa kutembea polepole. Tafuteni TLP250 iliyotengenezwa kusukuma geti za mosfeti.

Sasa "uko safe". Hili ndilo neno linanichoma kabisa.

Muuzaji atakuambia PC817 ni ya volti 5,000, kwa hivyo 240 ni mchezo. Soma mstari mdogo: volti 5,000 ni jaribio la dakika moja kwa hewa yenye unyevu wa wastani. Si mkataba wa ndoa. Na hata hiyo ahadi inahusu ndani ya kidude tu. Nje ni kazi yako. Kati ya safu mbili za miguu ya opto kuna karibu milimita 7.6. Hiyo nafasi ndiyo ulinzi wote umenunua. Halafu mtu anachukua ile bodi ya matundu, ambayo matundu yake yameachana milimita 2.54, anapitisha waya wa laivu chini ya opto kwa sababu "njia ilikuwa fupi", analehemu na tone la risasi limefura kama uji. Amebakisha milimita 1 au 2. Ongeza vumbi, ongeza mvuke wa jikoni, ongeza yale mafuta ya lehemu hakusafisha. Opto yako iko mzima, inapumua, na stima inatembea chini yake kama mtu anayepita chini ya daraja.

Na hapo ndipo laptopu inaingia. ESP32 imechomekwa kwa USB kwa sababu unataka kusoma ujumbe kwa skrini, mzigo umewaka kwa sababu unajaribu, mkono mmoja uko kwa kibodi na miguu iko chini bila viatu. Kila kitu upande wa "salama" sasa kiko kwa laivu. Huyu anayejaribu hivyo ana miaka 16, amefuata video hatua kwa hatua, hakukosea mahali popote. Video ndiyo ilikosea. Ndiyo maana nasema mtu mwenye kamera anayeonyesha stima ya ukuta na hageuzi bodi tuone chini yake, huyo anatuuzia hatari na kukusanya maoni.

Tuseme pia ukweli kuhusu ile moduli ya rilei ya buluu. Wengi mnaamini zile opto ndogo juu yake ndizo zinawakinga na 240. Siyo. Kinachotenganisha 240 na wewe hapo ni nafasi iliyo ndani ya rilei yenyewe, kati ya koili na kontakti. Opto iko hapo kuikinga ESP32 na kelele za koili. Na hata hiyo kazi huipati, kwa sababu kuna kile kijampa kinachounganisha VCC na JD-VCC. Kikikaa hapo, koili na LED za opto zinakunywa kutoka kikombe kimoja. Ili opto ifanye kazi yake lazima ukitoe, ulishe JD-VCC kwa chanzo chake chenyewe, na usiunganishe graundi za pande mbili. Hesabu ni video ngapi umeona zikikitoa. Nangoja. Koili moja ya volti 5 inavuta karibu miliampea 70, weka rilei nne, halafu ushangae ESP32 ikijizima na kujiwasha.

Najua majibu yenu, nimeyasoma yote. La kwanza: "Datashiti ni za mainjinia." Datashiti ni faili ya bure, inakula bando kidogo kuliko video moja ya mtu anayecheza dansi. Huhitaji kurasa zote. Kwa opto unatafuta volti inayovumilia upande wa mzigo, mkondo LED inadai, mkondo upande wa pili unaweza kubeba, na kama inangoja sifuri au haingoji. Ukishindwa na Kiingereza chake, jedwali ni nambari, na nambari hazina lafudhi.

La pili: "Yangu imefanya kazi miezi sita." Hongera. Gari lisilo na breki pia linafanya kazi hadi Mlima wa Salgaa.

La tatu ndilo linanikasirisha kweli: "Unatisha watoto, unaua ubunifu." Yaani mtu aliyetupatia kipande cha jina na kuficha nusu ya pili ndiye rafiki wa ubunifu, na anayesema "3063, si 3021, na sababu ni hii" ndiye adui? Kijana akijua sababu anaweza kubadilisha saketi akikosa kidude dukani. Akijua jina peke yake atarudi kwa video yako kila mara akikwama. Labda hiyo ndiyo biashara.

Kabla sijasahau, joto. Triaki ikiwa imefunguka inakula kama volti 1 na kitu, kwa hivyo kila ampea moja ni zaidi ya wati 1 ya joto ndani ya kidude ukubwa wa ukucha. Ukipita ampea 1, tafuta bamba la kupozea. Lakini angalia ni triaki gani unafunga hapo. Za herufi BTA, kama BTA16-600B, bamba lake la mgongoni limetengwa na umeme. Za BTB na BT136 halijatengwa, bamba lenyewe ni sehemu ya stima ya 240. Ukilifunga kwa skrubu kwa sanduku la chuma, umelifanya sanduku zima kuwa laivu, na opto yako ya volti 5,000 itakaa hapo ikitazama. A na B. Herufi moja.

Na kuna DM inarudi kila wiki, kwa hivyo niijibu hapa mara moja: nataka saketi ya kuwasha instant shower kwa simu, nitumie opto gani? Hakuna. Shower ya kilowati 5 inavuta karibu ampea 21. Triaki ikifa, mara nyingi inakufa ikiwa imefunga, yaani mzigo unabaki umewaka, na ukizima LED ya opto mara mia moja hakuna kitu kitabadilika, kwa sababu mjumbe yuko hai lakini aliyetumwa kwake amekufa. Na wakati huo wewe uko chini ya maji. Hiyo ni kazi ya kontakta, ya swichi inayokata laivu na nyutro pamoja, na ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Sina saketi ya kukupa hapo.